Ratili Mbili Kila Jumamosi

Delfina Quintana alikuwa ameshamenya pilipili za kujaza sufuria moja na nusu aliposikia lango la nyumba ya baba yake likibamizwa. Hakuhitaji kuinua kichwa. Hatua zile alizijua hata juu ya kokoto, na mwenye hatua hizo hakuwahi kuingia katika ua huu, kwa kuwa Delfina mwenyewe alimkataza.

“Inuka,” Benicio Archuleta alisema. “Nikikuuliza nataka uwe unanitazama.”

Aliinuka. Mikono yake ilikuwa imelowa maji ya pilipili, maganda meusi yamemgandia vidoleni. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Septemba, watu wametoka misani, na upande wote ule wa mji wa Pueblo ulikuwa unanukia pilipili za kijani zilizochomwa. Benicio alikuwa bado na shati jeupe la kanisani, lakini hakuwa amenyoa. Hawakuwa wameonana kwa siku tatu tu, na tayari alikuwa na uso wa mtu anayelala kwenye kiti.

“Alhamisi yule Halvorsen wa idara yenu ya leseni kaja na watu wawili na utepe mwekundu,” alisema. “Wamefunga mabanda yangu yote mawili. Mimea mia tatu imekomaa, na siruhusiwi kukata hata jani. Jumanne inaingia baridi ya kuua. Nakuuliza mara moja tu. Aliyepeleka taarifa ni wewe?”

“Ndiyo.”

Kwa siku tatu alikuwa ametafuta namna ya kulisema, na hakuwa amepata neno fupi kuliko hilo. Benicio akamwangalia kama mtu aliyezabwa kofi mbele za watu, kisha akacheka, na kicheko kile kilimuuma Delfina kuliko tusi.

“Ndiyo! Basi hivyo tu. Ndiyo!”

“Huyu nani?” sauti ilitoka kwenye kivuli cha mlango wa jikoni.

Mzee Eusebio Quintana alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, suruali ameikunja hadi juu ya magoti, miguu ameiweka juu ya kreti. Alifanya kazi miaka thelathini na sita katika kiwanda cha chuma na magoti yake aliyaacha hukohuko. Alikuwa na kisu mkononi na pilipili mapajani.

“Anaitwa Benicio Archuleta, Baba. Ana shamba kule mashariki, kwenye uwanda.”

“Shamba la nini?”

Delfina alibandua ganda la pilipili kidoleni.

“Nimeuliza, bwana mdogo. Vitunguu? Mahindi?”

“Bangi, mzee. Ya leseni.”

“Ya leseni,” Eusebio alirudia, kwa sauti ambayo mtu mwingine angetumia kusema nyoka wa kufugwa. “Na binti yangu unamwambia Inuka, kama punda wako.”

“Muulize yeye kwa nini nina ruhusa ya kumkasirikia.”

Delfina alitaka kujifuta uso, akakumbuka mikono yake ilikuwa na nini.

“Tunapendana, Baba. Tangu Mei.”

Kisu cha mzee kilisimama. “Miezi minne. Miezi minne unakuja hapa kila jioni, unanikanda magoti, unaniuliza nimekula nini, na hili lote limo kifuani mwako?”

“Wewe afadhali, mzee, unaambiwa naye,” Benicio alidakia. “Mama yangu kaambiwa na Halvorsen! Dada huyu kaandika mwisho wa taarifa yake, natangaza kwamba nina uhusiano wa kimapenzi na mwenye leseni. Halvorsen akaisoma kwa sauti, jikoni kwetu, mama kamwekea sahani ya maharagwe na mikate ya tortila ya moto. Idara nzima ya leseni ilijua tunapendana kabla ya mama yangu!”

“Sheria inanitaka nitangaze.”

“Sheria ilikutaka utangaze Mei! Mei ulikuwa wapi, Delfina? Au Mei sheria ilikuwa likizo?”

Hapo alimpata. Ilikuwa kweli, na Delfina hakuwa mtu wa kuibishia kweli kwa sababu tu imetoka kwenye mdomo wenye hasira. Mei alikuwa na fomu mezani, ukurasa mmoja, nafasi mbili za kujaza. Aliiweka kwenye droo bila kuijaza. Jambo likishaandikwa kwenye fomu linakuwa jambo la watu, na lile alitaka libaki lake kwa siku chache. Siku chache zikawa majira ya joto yote: viti vya gari lake vikinuka udongo wa shamba, mkono wa Benicio mgongoni mwake walipojificha mvua ya mawe kwenye kituo cha mafuta, jinsi alivyokuwa akimtazama kabla ya kusema jambo, kana kwamba anapima kama anastahili kulisema.

“Nilikosea,” alisema. “Nimeliandika hilo pia.”

“Umeandika! Kila kitu umeandika! Ungeniuliza! Ungekuja jioni ukaniambia, Benicio, mizani yako ina kasoro, kuna nini?”

“Ningekuuliza, ungepata siku ya kurekebisha majibu. Na ningekuwa mpelelezi anayempa mpenzi wake siku.”

“Kwa hiyo unaniona mwizi.”

“Naona hesabu ya mizani.” Aliketi tena, akasukuma sufuria kando. “Nisikilize. Kila Ijumaa mnapima takataka, majani na vijiti mlivyopogoa. Mnafunga kwenye banda. Jumatatu mnapima tena, mnasaga na kuchanganya na mbolea ili visiweze kutumika. Katikati majani yanakauka, uzito unashuka. Hilo tunalijua, tunalikadiria. Lakini maji hayakauki kwa kipimo kimoja. Wiki ya mvua yanapungua kidogo, wiki ya jua yanapungua sana. Kwako, juu ya kile kinachokauka, zinapungua ratili mbili. Mvua, ratili mbili. Jua kali, ratili mbili. Wiki kumi na moja. Maji hayana tabia hiyo. Mtu ndiye ana tabia hiyo.”

Mzee Eusebio aligeuza kichwa, akamwangalia binti yake. Kwa nusu dakika alisahau kukasirika.

“Halvorsen alikuuliza Ijumaa,” Delfina aliendelea. “Ulimjibu nini?”

“Nilimjibu sijui.”

“Na hujui?”

Benicio alizungusha macho, kama anayetafuta mahali pa kuyaweka, yakapita juu ya sufuria, juu ya mzee, yakafika kwenye dirisha la jikoni lililokuwa wazi. Yakakwama hapo.

Delfina alifuata macho yale. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kufuata macho ya watu katika mabanda na maghala mpaka pale yanapokwama. Dirishani palikuwa na chungu cha mnanaa, miwani ya baba yake, na chupa ya buluu iliyozibwa kwa gunzi la mahindi.

“Unaijua chupa ile,” alisema.

“Siijui.”

“Benicio.”

“Nimesema siijui! Au nayo utaiandikia taarifa?”

Delfina aliichukua. Kila jioni kwa wiki sita alikuwa ameishika chupa hii, akamimina ile dawa ya kijani kiganjani, akamkanda baba yake kuanzia juu ya goti kwenda chini. Ilinuka pombe kali na kafuri mpaka machozi yanatoka. Hakuwahi kuuliza ndani mna nini. Yeye ambaye aliwahi kurudisha shehena nzima kwa sababu ya lebo iliyobanduka upande mmoja, hakuona ajabu kwamba chupa ya baba yake haikuwa na lebo kabisa.

Alitoa gunzi. Akavuta pumzi taratibu, kwa mara ya kwanza kama mpelelezi na si kama binti. Kafuri ilipita. Nyuma ya kafuri palikuwa na kiungo cha rozmari. Nyuma ya rozmari palikuwa na harufu ambayo ilikuwa imempa mshahara kwa miaka tisa.

“Baba. Nani alikupa hii?”

“Iache dawa yangu.”

“Nani?”

“Mama mmoja wa kanisani, baada ya misa. Anawapa wazee wote wenye magoti. Bi Genoveva.” Sauti ya mzee ililainika kidogo kwenye jina lile, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuligundua hilo. “Mwanamke mwenye adabu. Ananiuliza hali yangu, si kama nyinyi.”

“Genoveva nani?”

“Archuleta,” Benicio alisema. “Ni mama yangu.”

Mzee Eusebio aliangalia magoti yake.

“Mnasema nini? Mnasema mimi nimepakwa bangi?”

“Majani yake, Baba. Kwenye pombe.”

“Wiki sita! Mimi! Niliyemfukuza mpwa wangu kwenye harusi kwa sababu ya sigara moja! Na unanipaka wewe, polisi wa bangi, kwa mikono yako miwili!” Akajipiga paja. “Ndiyo maana yalikuwa yanapoa! Nilidhani ni sala!”

Siku nyingine wangecheka. Benicio alikuwa ameshanyoosha mkono kuvuka meza, na kabla Delfina hajajua, chupa ilikuwa kwake. Alirudi nyuma hatua tatu, akasimama juu ya tuta la nyanya, akaiinamisha.

“Namwaga,” alisema. “Namwaga, na hakuna chupa, na hakuna mtu aliyeona kitu.”

“Ulijua.”

“Nimejua Alhamisi usiku. Nimekaa na kamera zangu mpaka asubuhi, nikamwona. Kila Jumamosi asubuhi, na funguo zangu na ndoo yake ya maziwa. Anachagua majani kama anachagua mchicha! Bibi yake alifanya hivyo, na mama wa bibi yake, kabla ya leseni zenu, kabla ya jimbo lenu. Hajui kuwa ni kosa, Delfina! Anadhani takataka ni takataka!”

“Nakuamini.”

“Basi nyamaza!”

“Halvorsen ana nakala ya picha hizo.”

“Za siku arobaini, kamera nane. Mpaka kesho hatakuwa amemaliza.”

“Atamaliza Jumatano. Au mwezi ujao. Akimwona mama yako baada ya wewe kuapa kwamba hujui, haitakuwa tena habari ya ndoo ya maziwa. Itakuwa mwenye leseni aliyedanganya.” Alijilazimisha kusema polepole, kama alivyokuwa akisema na wakulima waliomshikia panga. “Kesho saa nne kikao cha leseni yako kinakaa. Ratili mbili zisizo na maelezo, watasema umeuza nje ya jimbo. Leseni inafutwa. Ratili mbili zenye jina na chupa ni mlango usiofungwa vizuri. Ni faini na masharti, na utepe unaweza kutoka kesho mchana. Unavuna kabla ya baridi.”

“Una hakika?”

“Hapana. Nimeona kesi kama hizo. Hakika sina.”

“Na mama yangu aandikwe kwenye faili la serikali. Ana miaka sabini na moja. Hajawahi kukamatwa hata kwa mwendo wa gari. Afadhali shamba lioze!”

“Si mama yako peke yake. Baba yangu ataandikwa. Na mimi. Nitasema nilimpaka kwa wiki sita, na nilinyamaza tangu Mei. Wananiondoa kwenye upelelezi, labda na kazini kabisa. Unadhani nimekuja kwenye mvua hii na mwavuli?”

“Sikukuomba uungue pamoja nami!”

“Na mimi sikukuomba ruhusa!”

Alikuwa amepiga kelele. Hakukumbuka mara ya mwisho kupiga kelele katika ua huu. Jirani upande wa pili alizima redio ili asikie vizuri.

Mzee Eusebio alikuwa ametoa simu mfukoni, ameishika mbali na uso wake kwa sababu miwani ilikuwa dirishani. Alibonyeza mara moja tu. Namba ilikuwa ya kwanza kwenye orodha.

“Genoveva?” alisema, na Delfina akamtazama baba yake upya. “Samahani kukusumbua Jumapili. Kijana wako yuko kwenye nyanya zangu. Anataka kumwaga dawa ya magoti yangu.”

Sauti ya mwanamke ilijaa ua mzima.

“Benicio! Weka chini chupa hiyo! Dawa ya mtu haimwagwi!”

“Mama, huelewi. Majani yale unayochukua, wale wapelelezi wanayatafuta hayohayo.”

“Majani yapi? Ya takataka?”

“Ndiyo, Mama! Hayo hayo ndiyo yamefunga shamba!”

Kwenye simu Delfina aliweza kusikia saa ya ukutani jikoni kwa Bi Genoveva, jiko ambalo alilijua kwa kusimuliwa tu.

“Yule bwana mrefu alikula kwangu sahani mbili,” Bi Genoveva alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Sasa ilikuwa na hasira tulivu, ya mtu anayekunja mikono ya nguo. “Aliwauliza vibarua wote wenye beji. Alimuuliza fundi wa maji. Mimi alinipita mara nne kwenda kwenye banda, akaniambia asante mama kwa chakula. Hakuna aliyeniuliza. Ningeulizwa ningesema. Kwani nimeficha? Nimepita mbele ya kamera yenu kila Jumamosi na nimevaa kofia yangu nyekundu!”

Delfina aliona haya ya kazi, haya safi, isiyo na uhusiano na mapenzi. Hata yeye, kwenye orodha ya watu wa kuhojiwa aliyoiambatanisha, alikuwa ameandika wafanyakazi kumi na mmoja na hakumwandika mama wa nyumba.

“Huyo msichana yupo hapo?” Bi Genoveva aliuliza. “Huyo aliyetuandika?”

“Nipo, Bi Genoveva. Shikamoo.”

“Marahaba. Sijapenda nilivyolijua jina lako. Mwanangu akimpenda mtu, huyo mtu anakuja mezani kwangu, haji kwenye karatasi. Hilo tutaligombea mimi na wewe, na si kwa simu.”

“Ndiyo, mama.”

“Lakini unakosea halafu unasema umekosea. Huyu wangu anakosea halafu anasimama kwenye nyanya za watu. Benicio, mimi si mtoto wa kufichwa chini ya kitanda. Kesho naenda huko kwenye kikao na ndoo yangu. Wewe shughulikia lako.”

Akakata.

Benicio alishuka kutoka kwenye tuta, akaweka chupa mezani kati ya sufuria mbili, taratibu, kana kwamba ingeweza kupasuka kwa kuangaliwa. Delfina hakuigusa.

“Si kesi yangu tena,” alisema. “Aje Halvorsen aichukue mwenyewe. Nani ampigie?”

Lilikuwa swali halisi. Angeweza kupiga yeye, na ingekuwa taarifa nyingine aliyoandika juu yake. Benicio alielewa. Delfina aliona misuli ya taya lake ikikaza na kulegea, na alimpenda wakati ule kwa ghadhabu iliyomtisha, kwa sababu hakuwa na namna yoyote ya kumsaidia.

Benicio alitoa simu yake.

“Bwana Halvorsen,” alisema, na macho yake yalikuwa kwa Delfina moja kwa moja. “Benicio Archuleta. Ijumaa nilikudanganya. Hapana, sikiliza kwanza. Niko nyumbani kwa Mzee Quintana. Njoo na mfuko wako wa vielelezo.” Akatulia. “Ndiyo. Yupo. Hapana, hakunituma.”

Aliirudisha simu mfukoni. Mzee Eusebio alishusha miguu ya suruali yake, moja baada ya nyingine.

“Na magoti yangu mnayapeleka wapi?” aliuliza. “Nayo ni kielelezo?” Alipoona hakuna anayecheka alijiinua kwa kushika mlango. “Naenda kuvaa viatu. Huyu wa serikali akija asinikute miguu wazi. Na wewe, wa bangi, ukitoka hapa lango langu ulifunge kwa mkono.”

Walibaki wawili. Pipa la kuchomea pilipili la jirani lilianza kuzunguka tena, na moshi ukaja juu ya ukuta. Ukamwingia Delfina machoni, macho yaliyokuwa yamejaa tangu lango lilipobamizwa. Machozi yakashuka yenyewe. Aliinua mkono, akausimamisha hewani. Maji ya pilipili hayatoki kwa kufuta kwenye aproni, angejipofusha.

“Usijiguse,” Benicio alisema kwa ukali.

“Najua.”

“Simama vizuri.”

Alifungua kifungo cha mkono wa shati lake la kanisani, akauvuta hadi ukafunika kiganja, akamfuta jicho moja, kisha la pili. Hakumfuta kwa upole. Alimfuta kama mtu anavyofuta meza yenye mafuta, huku uso wake umekunjamana, na pumzi yake inamgusa paji la uso.

“Bado nina hasira na wewe,” alisema.

“Hata mimi nina hasira na wewe.”

“Sijui zangu zitaisha lini.”

Gari lilipunguza mwendo mtaani, likasimama mbele ya nyumba. Mlango wa gari ukafunguliwa. Delfina hakurudi nyuma, na Benicio hakuondoa mkono.

“Zisipoisha,” Delfina alisema, “njoo nazo.”